Cape Town kwenda Hermanus: msipite barabara kuu ya N2 mpaka mwisho

Mnaopanga kukodi gari Cape Town, mkifika Somerset West iacheni N2 mshike R44 ya Gordon's Bay, barabara imebana mlima na bahari iko hapo chini yenu mpaka Rooi-Els, halafu Betty's Bay kuna pengwini pale Stony Point, yaani mtasimama kila saa kupiga picha kwa hiyo tengeni hata nusu siku. Nyangumi Hermanus ni kuanzia Juni hadi Novemba. Kwenye mashamba ya mvinyo sasa, tafadhali sana dereva asionje, bora mlale Franschhoek, mji wenye mashamba hayo, gari mlipaki, kuna tramu ya kuwazungusha mnapanda na kushuka. Kuendesha ni kushoto kama kwetu Kenya na Bongo, msiogope.