SOMO: Umetengeneza gari mwenyewe, taa ya injini inarudi. Pitia hapa kabla hujanunua kifaa kingine

Swali ni lilelile kila mara: "Nimebadilisha kifaa, nimefuta kodi (namba ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari), taa imewaka tena." Naliandikia somo moja ili nikiulizwa nielekeze hapa. Linahusu magari ya petroli yenye soketi ya OBD2, ile ya matundu 16 chini ya dashibodi, ya kuchomeka mashine ya kusomea kodi.

Shika hili kwanza: kodi haitaji kifaa kilichokufa. Inataja kipimo ambacho kompyuta imeona hakiko sawa. P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Haisemi "nunua senso ya oksijeni", ile inayopima moshi wa ekzosi.

Hatua ya 1. Taa inapepesa na injini inatetemeka? Zima gari. Silinda haichomi, na mafuta mabichi yanaenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi) na kuyaharibu.

Hatua ya 2. Soma kodi zote, hata zile zinazosubiri kuthibitishwa, uziandike. Andika pia frizi fremu: joto la injini, mwendo na RPM za wakati hitilafu ilipotokea. Ukifuta kodi, na hayo yanapotea.

Hatua ya 3. Rudi pale ulipogusa. Taa iliyowaka baada ya matengenezo mara nyingi chanzo chake kiko umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kazi uliyofanya. Chomoa kila soketi uliyoigusa, angalia kama kuna pini iliyopinda au kurudi nyuma, kisha irudishe mpaka ilie "ta". Waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) uliofunguliwa usafishwe mpaka chuma king'ae. Injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimewashwa, weka maltimita kati ya bloku ya injini na terminali hasi ya betri: ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu.

Hatua ya 4. Hewa ya wizi. Hapa niliwahi kukosea, kwa hiyo soma taratibu. Kwenye gari lenye senso ya kupima hewa, kila hewa inayoingia injini lazima ipite kwenye senso hiyo. Mpira ulio kati ya senso na throto (mlango wa hewa ya injini) ukipasuka chini, mahali usipopaona, au kilipu kikibaki wazi, hewa huingia bila kuhesabiwa. Senso ya oksijeni inaripoti ukweli, nawe unaitupa ukidhani ndiyo mbovu. Kabla ya kununua chochote, fungua data za moja kwa moja uangalie STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu), ambazo ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Zijumlishe. Kati ya -10 na +10 usihangaike. Ikiwa injini ya moto iko kwenye sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) na jumla ni, tuseme, +22, kisha ukipandisha RPM hadi 2500 ikashuka karibu na sifuri, hewa inavuja: tundu ni lilelile, ila sasa ni sehemu ndogo ya hewa yote. Ikiwa jumla inapanda kadiri injini inavyobeba mzigo, tafuta kwenye pampu, filta ya mafuta au senso ya hewa iliyochafuka.

Onyo: usipulizie petroli wala dawa ya kabureta juu ya injini inayowaka ili kusaka uvujaji. Ekzosi iko hapohapo na moto hausubiri. Tumia mashine ya moshi yenye presha ndogo, injini ikiwa imezimwa. Onyo la pili: usizibe manifoldi kwa silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki. Mvuke wake unaua senso ya oksijeni, na hapo utakuwa umejiongezea kodi ya pili.

Hatua ya 5. Futa kodi, kisha endesha: washa injini ikiwa baridi kabisa, pita mjini, halafu barabara ya mwendo mmoja. Hitilafu nyingi huwasha taa katika safari ya pili, kwa hiyo kuzima kwa siku moja si ushahidi.

MASWALI

mpya_hapa: Mkuu, taa yangu inawaka, shida nini?
Jibu: Kodi namba ngapi? Hatua ya 2.

mpya_hapa: Sina mashine. Nikichomoa betri usiku kucha si itaisha?
Jibu: Taa itazima, ugonjwa utabaki. Na utakuwa umefuta frizi fremu pamoja na mazoea ya throto ambayo kompyuta ilijifunza, sailensa ianze kuyumba. Tafuta mtu mwenye mashine.

Spana10: Nimebadilisha plagi zote nne, sasa naona P0301 (silinda ya 1 haichomi). Nitajuaje ni koili au plagi, bila kununua vyote?
Jibu: Umeuliza vizuri. Hamisha koili ya silinda ya 1 uipeleke ya 3, futa, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Plagi iliyoanguka sakafuni huweza kupata ufa kwenye kauri usioonekana kwa macho, usiifunge. Vyote viwili vikiwa salama, nenda kwenye nozeli (inayopulizia mafuta), halafu pima kompresheni. Angalia pia kama kuna oili ndani ya shimo la plagi.

Spana10: Ilikuwa plagi. Shukrani sana, fundi.

koili_moto: P0420 (masega hayasafishi moshi vya kutosha). Ninunue masega?
Jibu: Usinunue bado. Ulifungua ekzosi? Gasketi ikivuja kabla ya senso, hewa ya nje inaingia na kupotosha vipimo. Angalia senso ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, injini ikiwa moto: ikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7, masega yanafanya kazi. Ikirukaruka kama ya mbele, kati ya 0.1 na 0.9, na hakuna uvujaji, hapo masega yamechoka.

koili_moto: Lakini muuza spea kasema ni masega moja kwa moja.
Jibu: Alipima nini?

filta_safi: Niongezee: senso ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, si ya breki, na usiguse ule uzi mwembamba. Wenye filta za kupaka oili, msizidishe. Inaishia kwenye uzi huo.
Jibu: Kweli kabisa. Na iachwe ikauke kabla ya kuchomeka soketi.

Dereva_B: Mimi ni P0455 (mvuke wa mafuta unavuja sana) baada ya kubadilisha pampu ya mafuta.
Jibu: Kaza kifuniko cha tangi kwanza. Kisha angalia ile oringi kubwa ya pampu. Ikikunjwa wakati wa kufunga, mvuke unavuja. Weka mpya, usirudishie ya zamani iliyovimba.