Mkono Unakufa Ganzi? Soma Hapa Kabla ya Kupimwa Neva

Wasusi, wapanga mizigo ghalani, wanaolea wazee: huku ughaibuni hao ndio wanaoamka usiku wakikung'uta mkono uliokufa ganzi. Wengi humeza vidonge vya maumivu na kungoja likizo wakakandwe nyumbani. Lakini ganzi hiyo huweza kuwa ya neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa, na neva haingoji likizo. Ikibanwa muda mrefu, msuli wa chini ya kidole gumba hunywea, na hata upasuaji huenda usiurudishe.

Kwa daktari usiishie kusema mkono unauma, taja vidole. Ganzi ya gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete huelekeza kwenye neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ya kidole cha mwisho na upande wa pili wa cha pete mara nyingi hutokea kiwikoni. Kama maumivu yanashuka kutoka shingoni, liseme hilo pia, maana kipimo cha neva, kile cha kupitisha umeme kidogo mkononi na kupima kasi yake, peke yake huweza kulikosa.

Uingereza, omba mkalimani mapema, ni bure. Usimbebeshe mwanao kazi hiyo. Marekani, ipigie kampuni ya bima kabla ya miadi uulize kama inataka idhini, na kama hospitali na daktari wote wawili wamo kwenye mtandao wake, yaani orodha ya watoa huduma walio na mkataba na bima hiyo. Bili zinaweza kuja mbili.

Siku ya kipimo, usijipake mafuta mikononi. Najua, kwa baridi ile ngozi inapauka, lakini vibandiko vya kipimo havishiki kwenye losheni wala mafuta ya nazi. Vua pete na bangili. Vaa glavu njiani: neva ya mkono wa baridi hupitisha umeme polepole, na mzima anaweza kuonekana mgonjwa. Ngozi inatakiwa iwe na joto la nyuzi 32 za Selsiasi hivi. Ukiona vidole bado vya baridi, omba vipashwe moto kwanza. Mwambie mpimaji kama una kifaa cha mapigo ya moyo kifuani au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Umeme wenyewe hushtua kuliko kuuma. Kidole kinaruka, basi. Neva ya mkono yenye afya kwa kawaida hupitisha umeme kwa mita 50 kwa sekunde au zaidi. Kasi ikishuka sehemu moja tu, hapo ndipo inapobanwa. Wengine huongezewa kipimo cha sindano nyembamba inayoingizwa msulini, hasa shingo ikishukiwa.

Majibu yakiwa safi na ganzi ipo, usikubali kuambiwa huna kitu: mbano mchanga huweza usionekane. Yakionyesha mbano, uliza ni mdogo au mkubwa. Mdogo mara nyingi huanza kutibiwa kwa bamba la kifundo la kuvaa usiku. Chukua nakala ya ripoti. Na kama kazi ndiyo chanzo, mwandikie msimamizi wako sasa. Marekani kila jimbo lina muda wake wa mwisho wa kudai fidia.