Kolaji ya matangazo ya ukutani: kubandika, kisha kuchimba

Ukuta mmoja wa Kariakoo unaweza kubeba tangazo la taarabu juu ya sura ya mgombea, na chini yake tangazo la vyumba vya kupanga. Mimi huanzia hapo kutengeneza kolaji, yaani picha ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa.

1. Kuokota
Toka asubuhi baada ya mvua, gundi ikiwa imelainika. Bandua rundo zima, usilitenganishe. Chukua yaliyopitwa na wakati tu. Tangazo la mtu aliyepotea usiliguse hata lichakae vipi. Kuna mama bado anasubiri simu. Ongeza maboksi, uzi wa katani na mifuko ya saruji ya karatasi. Mifuko hiyo ikung'ute nje, umevaa barakoa.

2. Ubao
Plaiwudi ya milimita 9, sentimita 60 kwa 60. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alichorea vipande vya ubao wa dari vya kiasi hicho, hapa hapa Dar, mwishoni mwa miaka ya 1960. Paka gundi mbele na nyuma, la sivyo utapinda.

3. Kubandika
Gundi nyeupe ya mbao vikombe 2, maji kikombe 1. Uji wa ngano achana nao: mende walinitafunia kazi ya miezi miwili.

Uzi utangulie chini, ulaze kwa mistari unayoitaka. Juu yake bandika karatasi za rangi kali, funika kwa karatasi ya saruji, halafu matangazo yaliyopauka. Fika tabaka 8 hadi 12, kila moja likauke usiku kucha. Andika mpangilio wake daftarini, maana baadaye utachimba usichokiona.

4. Kuchimba
Hapa ndipo picha inapozaliwa. Chukua msasa nambari 80, sugua taratibu. Palipoinuka kwa sababu ya uzi patalika kwanza, na mstari mwekundu utajitokeza wenyewe katikati ya kijivu. Ukiung'oa uzi, unaacha mtaro. Msanii Mark Bradford wa Los Angeles, aliyeanza na vikaratasi vya kuviringishia nywele kutoka saluni ya mama yake, hupachika kamba namna hii na kuchimba kwa mashine. Mkono unatosha, tena unahisi tabaka linapobadilika.

Usichimbe mpaka kila kitu kionekane. Mimi nikiona neno limebaki nusu, "vyumb", naweka msasa chini.

5. Kumalizia
Futa vumbi, paka vanishi ya maji isiyong'aa mikono 2. Usitundike panapopigwa na jua. Wino mwekundu huwahi kupauka.