Wanafunzi kubuni michezo yao wenyewe (karatasi tu, hakuna kompyuta)

Wiki hii nimeulizwa mara nne jinsi watoto wanavyobuni michezo ya ubao. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia hii. Klabu yangu ni ya Gredi ya 6 hapa Eastlands, Nairobi, watoto wanne kila kundi.

1. Vifaa: manila, dadu mbili, vizibo vya soda.

2. Wachague safari wanayoijua, waichore steji kwa steji; kizibo kinasogea kwa namba ya dadu. Kundi moja lilichora matatu kutoka Githurai hadi Ngara, kupitia Roysambu, Allsops na Pangani.

3. Sheria zisizidi tano, ziandikwe.

4. Majaribio. Hapa ndipo nilipoboronga. Niliwaacha wabunifu wawaelekeze wenzao, mchezo ukaenda vizuri, nikawapa alama. Siku ya wazazi kumbe sheria inasema kufika Ngara lazima upate namba ileile ya steji zilizobaki. Baba mmoja akabakiza steji moja. Akarusha, akarusha, chai ikapoa. Dadu mbili hazitoi 1! Darasani hatukuona kwa sababu wabunifu walikuwa wakinong'ona "we ingia tu". Siku hizi wabunifu wanakaa nyuma, midomo imefungwa, wanaandika kila mahali mchezaji anapokwama. Mwalimu naye anyamaze. Hasa mwalimu. Mtoto akilia, mwache alie, ila asifute kitu siku hiyo.

5. Warekebishe jambo moja, wajaribu tena.

MASWALI

— Mwalimu, mnatumia app gani?
Soma kichwa.

— Gredi ya 3 wataweza?
Dadu moja, sheria tatu.

— Hii si kupoteza muda wa hesabu?
Rudi hatua ya 4, kisha uniambie baba yule alikwama kwenye somo gani.

— Wangu wameweka polisi steji ya 7 na shimo la barabara steji ya 2. Polisi wanakamata sana, shimoni haingii mtu. Mbona?
Asante kwa kuuliza hivi. Jozi za dadu mbili ni 36: zinazotoa 7 ni 6, inayotoa 2 ni moja tu. Lakini usiwaambie. Warushe mara 100, wapige mistari daftarini. Wangu walipoona, wakataka polisi wahamie 2. Mtoto wa makanga (kondakta wa matatu) akakataa katakata, eti barabarani si hivyo.

— Dadu zetu zinapotea.
Rushieni ndani ya mkebe wa Kimbo. Kelele zipo, lakini dadu hazipotei.

— Tuna kompyuta mbili. Scratch?
Baada ya karatasi. Ni programu ya watoto ya kubuni michezo kwa kompyuta. Ipo ya kupakua, haihitaji intaneti, na lugha unaweza kuweka Kiswahili.

— App ni gani sasa?
Aki wewe.