Gamba la Konokono na Kizibo cha Soda: Namna ya Kuoneshana Picha na Kuzikosoa

Mtu akiwatumia marafiki picha ya gamba la konokono aliloliona ufukweni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mara nyingi hujibiwa "picha kali", kisha kinafuata kidole gumba, na mazungumzo yanaishia hapo. Amefurahi, lakini hajajua afanye nini kesho akirudi pale pale na simu ile ile.

Kabla ya kuonesha, chagua picha tatu tu, kwa kuwa anayeletewa arobaini huacha kutazama na kuanza kupekua. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana picha ikipita njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na mistari myembamba ya gamba hupotea, kisha mkosoaji akalaumu lenzi isiyo na kosa. Mkikutana ana kwa ana, kaeni kivulini na muongeze mwanga wa kioo cha simu.

Anayekosoa atazame kwa ukimya walau dakika moja, kisha aseme jicho lake limetua wapi kwanza na limekwenda wapi baadaye, kabla ya kutamka zuri au baya; na mpiga picha, jambo ambalo ni gumu kuliko yote, anyamaze mpaka mwenzake amalize, kwa sababu akianza kueleza alichokusudia, mkosoaji ataona maelezo badala ya picha. Kwa aliyekuzidi umri maneno yale yale hubeba adabu yake: "Mzee wangu, jicho langu limeanza pale kwenye kizibo."

Kizibo hicho kilikuwa cha soda, cha buluu, kwenye kona ya picha ya gamba niliyooneshwa. Gamba lenyewe lilikuwa katikati, jeupe tupu kama chaki, na juu yake kivuli cha kichwa cha mpiga picha. Picha ilipigwa saa saba mchana, na kwa kuwa Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, saa hiyo ndiyo jua huwa juu zaidi, likafuta kila mfereji wa gamba. Kusema "mwanga mbaya" kusingemsaidia. Kilichomsaidia ni kuambiwa arudi kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likiwa linashukia upande wa Kongo, ainame mpaka simu ikaribie mchanga, na ajipange ili mwanga uje kwa ubavu, kila mfereji upate kivuli chake.

Kuhusu kukiondoa kizibo, watu hubishana. Mimi naona kuondoa taka si dhambi, ila aliyekihamisha kitu alichokikuta aseme hivyo. Gamba lililo majini nisingelihamisha kabisa: Ziwa Tanganyika lina samaki wadogo wanaoishi na kutagia ndani ya magamba matupu ya konokono, na huenda lile unalolitamani lina mwenyewe.

Machweo yana neno moja: nyoosha ziwa, maana maji yaliyoinama hayasameheki. Lakini msimlaumu mtu kwa kukosa milima ya Kongo wakati wa kiangazi, ukungu na moshi wa mashamba vikiwa vimeifunika. Dagaa walioanikwa hung'aa mpaka picha ikaungua, yaani sehemu zake zikawa nyeupe tupu. Gusa kioo cha simu mahali penye mng'ao mkali, kisha telezesha alama ya jua chini. Kabla ya hapo, mwombe ruhusa mama anayewaanika.

Sokwe mtu wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, wanaofuatiliwa na watafiti tangu 1960, wamezoea watu, na mazoea hayo huwashawishi wapiga picha kusogea mno ilhali tunaweza kuwaambukiza magonjwa. Picha iliyopatikana kwa ukaribu wa namna hiyo, au kwa flashi, ikosolewe kwa hilo kwanza, hata kama macho ya mnyama yametoka safi.

Mwisho, mwombe mpiga picha arudie ndani ya wiki, kisha ziwekwe picha mbili bega kwa bega. Yule wa gamba alirudi jioni: mifereji yote ilionekana, na kizibo kikawa bado pale, safari hii karibu zaidi na gamba. Alisema amekiacha makusudi, kwa kuwa vyote viwili vilitupwa na wimbi moja, na nilipotazama tena jicho langu lilianza kwenye gamba.