Namna ya Kucheza Michezo ya Mafumbo Bila Kuupoteza Utamu Wake

Ipo michezo ya video ambayo haina mbio, haina bunduki, wala haimdai mchezaji wepesi wa vidole. Mchezaji humwongoza mhusika mmoja mahali pageni, huokota vitu, husoma barua zilizoachwa, huzungumza na anaowakuta, na kisa hakisongi mbele hata hatua moja mpaka ategue fumbo lililowekwa njiani. Mtu anayemwona mwenzake ameukodolea macho mlango mmoja uliofungwa kwa saa nzima ana haki ya kuuliza raha iko wapi. Raha iko katika saa hiyo hiyo. Sisi tuliokulia Mombasa, tukitegewa vitendawili na bibi zetu baada ya sala ya Isha, tunaijua vyema: kutapatapa, kutaja majibu ya kipuuzi, kisha jibu kujitokeza ghafla na kumfanya mtu ajione mjinga na mwerevu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo maelekezo yanayofuata yanahusu zaidi namna ya kukwama vizuri, kwa maana anayekwama vibaya huufunga mchezo siku ya pili na haugusi tena.

Chagua mchezo ambao lugha yake haitakutega

Michezo mingi mizuri ya aina hii imeandikwa kwa Kiingereza, na ugumu wa baadhi ya mafumbo yake hauko katika mantiki bali katika maneno. Mfano ninaoupenda unatoka katika Monkey Island 2, mchezo wa mwaka 1991, ambamo mchezaji anatakiwa kuifunga pampu ya maji kwenye maporomoko. Jibu lake ni kumpumbaza tumbili mpiga piano kwa kuweka ndizi juu ya kifaa cha kupimia mwendo wa muziki, kumchukua akiwa amekakamaa, na kumtumia kama spana. Mmarekani ana njia ya kulifikia jibu hilo, kwa kuwa kwao aina moja ya spana ina jina linalomtaja tumbili. Lakini fundi wa Mwembe Tayari, ambaye neno lake "spana" limetokana na Kiingereza cha Uingereza, angesimama mbele ya pampu ile mpaka Idi. Fumbo hilo halingekuwa limemshinda. Halikutegwa kwa ajili yake.

Kwa sababu hiyo, ninamshauri anayeanza atafute mchezo usiotegemea maneno. Chaguo langu la kwanza ni Machinarium, uliotoka mwaka 2009 kutoka kwa Amanita Design ya Jamhuri ya Cheki, ambao wahusika wake ni maroboti wa mji wa vyuma vilivyochakaa, nao huwasiliana kwa vikaragosi vinavyotokea juu ya vichwa vyao. Unachezeka kwenye kompyuta na kwenye simu. Asiyetaka kulipa chochote mwanzoni apakue ScummVM, programu ya bure inayofufua michezo ya zamani kwenye vifaa vya leo, zikiwemo simu za Android. Tovuti yake hutoa kihalali michezo kama Beneath a Steel Sky wa mwaka 1994 na Flight of the Amazon Queen wa mwaka 1995, kwa idhini ya wenye hakimiliki. Hii ina Kiingereza kingi, lakini haina uzito: kipakatalishi cha mtumba kinachoshindwa kufungua michezo mipya ya kandanda kitaiendesha bila kutoa jasho, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya mchezaji mwenyewe katika joto la kaskazi.

Ujue mchezo wako ni wa ukoo gani

Hili ni fupi lakini huokoa machozi. Michezo ya zamani ya mafumbo ina koo mbili. Ukoo wa kwanza humwadhibu mchezaji bila huruma: katika King's Quest V, wa mwaka 1990, mhusika ana pai ambayo baadaye itahitajika kumrushia jitu la thelujini, na mchezaji aliyeila pai hiyo kwa njaa huachwa aendelee na safari bila kuambiwa kwamba mchezo wake umekwisha kufa. Ukoo wa pili ulijengwa kwa kuupinga ule wa kwanza. Ron Gilbert, aliyebuni The Secret of Monkey Island mwaka huo huo wa 1990, alishikilia kwamba mchezaji asiuawe ovyo wala asifungiwe njia kwa kosa alilolitenda bila kujua, na michezo mingi ya sasa imeufuata mwendo huo.

Ukiwa na mchezo wa ukoo wa kwanza, hifadhi hatua zako mara kwa mara, tena katika nafasi tofauti, usifute ya zamani kwa kuandika mpya juu yake. Ukiwa na wa ukoo wa pili, hifadhi vilevile, kwa sababu stima haijali ukoo.

Daftari liwe kando ya kompyuta

Mchezo wa Myst, ulioundwa na ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, ukatoka mwaka 1993, uliuzwa ukiwa na kitabu kitupu ndani ya sanduku ili mnunuzi aandike anayoyaona. Waundaji walijua walilokuwa wakilifanya. Alama iliyo ukutani mwa chumba cha kwanza inaweza kuhitajika saa nne baadaye, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka haifai kuaminiwa. Andika kila nambari, chora kila alama jinsi ilivyo, na kando yake taja mahali ulipoiona. Picha ya skrini inaweza kusaidia, lakini sikuhimizi kuitegemea: mkono unaochora alama hulazimisha jicho kuhesabu pembe zake, na mara nyingi fumbo limo katika hesabu hiyo.

Chora ramani pia. Mchezo uliouzaa ukoo huu wote, Colossal Cave Adventure, ulikuwa wa maandishi matupu. Will Crowther, mwandishi wa programu aliyekuwa na mazoea ya kuingia mapangoni, aliuandika katikati ya miaka ya 1970 akilifuata pango halisi la Kentucky, na Don Woods akaupanua mwaka 1977. Ndani yake kuna vyumba vinavyoelezwa kwa maneno yale yale, kiasi kwamba mchezaji hajui kama amesonga au amezunguka. Dawa yake ni kudondosha kitu kimoja katika kila chumba, taa hapa, ufunguo pale, ili kila chumba kipate alama yake. Mgeni wa Mji wa Kale hufanya jambo hilo hilo bila kufundishwa: vichochoro vya Kibokoni humchanganya mpaka aanze kusema, "Mlango wenye nakshi ya minyororo, kisha muuza kahawa, kisha mnara wa msikiti wa Mandhry." Anayetembea hivyo hapotei mara mbili.

Aliyekwisha kuzoea daftari na ajaribu Return of the Obra Dinn, wa Lucas Pope, uliotoka mwaka 2018. Ni mwaka 1807, meli imerudi Uingereza bila mtu hai ndani yake, na mchezaji ni mkaguzi anayetakiwa kueleza majina na yaliyowapata watu 60 waliokuwamo. Kitabu cha kumbukumbu ndicho mchezo wenyewe. Majibu hayathibitishwi moja moja bali matatu kwa pamoja, hivyo kubahatisha hakumfikishi mtu mbali. Inabidi atazame nani amelala kwenye kitanda kipi, nani amevaa nini, nani anazungumza kwa lafudhi gani. Watu wa mji wa bandari, waliozoea kumjua mtu kuwa ni wa Lamu au wa Pemba kabla hajamaliza salamu, hawatauona ugeni.

Ukikwama

Mpwa wangu alipoanza Machinarium alifika kwenye daraja linalolindwa na askari, na askari hakutaka kumpitisha. Kijana alimbofya askari, akabofya daraja, akabofya anga, akabofya kila kitu kama anayesaka sindano mchangani. Nikamwambia aondoe mkono kwenye kipanya na anieleze askari yule yukoje.

"Ni mnene," akasema.

"Na nini tena?"

"Amevaa kofia."

Akanyamaza, kisha akaanza kuitazama kwa macho mengine koni ya barabarani iliyokuwamo mchezoni, kana kwamba nayo ni kofia. Kilichobaki, yaani kuipaka rangi na kuiwekea balbu ili ifanane na kofia ya askari, alikimaliza bila neno langu hata moja.

Utaratibu ninaoupendekeza unatokana na jambo hilo. Kwanza acha kubofya. Pili eleza kwa sauti kile unachokiona, ukianza na kinachokuzuia: ni nani, anataka nini, anaogopa nini, ana nini ambacho huna. Tatu pitia mkoba wako na uulize kila kitu kinafanana na nini, wala si kinaitwaje, kwa sababu waundaji wa mafumbo hupenda kuvua vitu majina yao. Nne kumbuka kanuni za mchezo wenyewe. Roboti wa Machinarium, kwa mfano, hawezi kushika kilicho mbali naye, lakini anaweza kurefuka na kufupika, na wachezaji wengi huhangaika na fumbo ambalo lingefunguka kama wangerefuka tu.

Hayo yote yakishindikana, ondoka. Ndani ya Myst kuna gari la chini ya ardhi linalopita katika njia nyingi zinazogawanyika, nami niliichorea ramani kwa siku tatu, kurasa sita, bila kufika popote. Siku ya nne nilikuwa nikivuka Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa madafu na pikipiki, feri ikapiga honi, na papo hapo nikajua kosa langu. Sitalifichua jibu, nitasema tu kwamba nilikuwa nikitazama mahali palipotaka kusikilizwa, na kwamba ng'ambo ya pili ilionekana mbali kuliko kawaida kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani.

Kuomba jibu kwa heshima

Kila mchezo maarufu una maelezo yake kamili mtandaoni, na kuyasoma si haramu. Yapo mafumbo mabovu: katika Gabriel Knight 3, wa mwaka 1999, mchezaji hutengeneza sharubu kwa manyoya ya paka ili ajifanye mtu ambaye hana sharubu, kisha huchora sharubu kwenye kitambulisho cha mtu huyo. Anayetafuta jibu la fumbo kama hilo hana la kujilaumu. Ubaya ni kusoma mapema, kwa sababu aliyesoma jibu moja huanza kuuona mchezo wote kama foleni ya majibu yanayomsubiri. Machinarium ina busara hapa: kitabu chake cha majibu kimefungwa kwa kufuli, na ili kukifungua lazima ucheze kamchezo kadogo ka kuchosha, kila mara upya.

Nyumbani kwetu tunatumia kufuli la zamani zaidi. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji kabla ya kuambiwa jibu, nasi tumeuhamishia mtindo huo kwenye kompyuta: anayetaka jibu kwanza ataje mambo matatu aliyoyajaribu na kwa nini hayakufaa, kisha atoe mji. Mara nyingi jibu hujitokeza akiwa bado kwenye jambo la pili, na mji wake hubaki salama. Wiki iliyopita zamu yangu ilifika. Nilikuwa nimekwama, mpwa wangu alikuwa amekwisha kupita, na nikaeleza matatu yangu kwa unyenyekevu wote.

"Nipe mji, mjomba."

Nikampa Malindi. Akakataa. Nikampa Lamu, akatikisa kichwa na kusema kwamba kwa fumbo rahisi namna ile hapokei chini ya Mombasa. Nimeukataa mpango huo, na mpaka sasa ninapoandika bado niko chumba kile kile.