Kuchagua aina ya ukuta wa gati: udongo kwanza, halafu maji ya nyuma

1. Urefu. Pima kutoka juu ya gati hadi kina kitakachochimbwa, kisha ongeza nusu mita. Mashine haichimbi sawasawa, na propela zitaendelea kufukua hapo chini.

2. Udongo. Toboa ardhi kuona udongo wake kwenye mstari wenyewe wa ukuta, si ufukweni palipo rahisi kufika.

3. Aina. Mwamba au mchanga ulioshikana ukiwa karibu na sakafu ya bahari, weka vitalu vya zege au kasoni (masanduku makubwa ya zege). Hizo husimama kwa uzito wake. Mchanga au mfinyanzi unaoweza kupigiliwa mabamba: mabamba ya chuma yaliyofungwa kwa fimbo na nanga iliyofukiwa ardhini, na nanga hiyo ikae nyuma ya kabari ya udongo inayoweza kuporomoka. Tope la kina kirefu: sitaha juu ya nguzo. Mawimbi yakiingia bandarini, mimi huchagua nguzo hata udongo ukiwa mzuri, kwani ukuta wima hurudisha wimbi na meli haitulii. Penye matetemeko, kumbuka tetemeko la Kobe, Japani, 1995: kasoni zilisogea baharini kwa mita kadhaa baada ya mchanga wa chini yake kulegea.

4. Maji ya nyuma. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Bahari ikipwa, maji yaliyomo kwenye kifusi cha nyuma ya ukuta hubaki juu. Kila mita 1 ya tofauti huongeza kilonewtoni 10 (kama uzito wa tani 1) kwa kila mita ya mraba. Tofauti ya mita 1.5 kwenye ukuta wenye mita 10 chini ya maji ya kupwa ni zaidi ya kilonewtoni 150 kwa kila mita ya gati, kabla hujagusa udongo wala kreni. Tumia kupwa kwa bamvua, si wastani. Jaza mawe nyuma ya ukuta na utandike kitambaa cha kuchujia kati ya mawe na mchanga. Bila hicho mchanga hutoroka kwenye viungo vya vitalu, na sakafu ya gati hubonyea kimyakimya. Matundu ya kutolea maji weka, ila usiyaamini: kome huyaziba. Piga hesabu ya pili ukiyachukulia yote yameziba. Ukuta ukishindwa hapo, ongeza uzito au nanga, si matundu.

5. Kutu. Chuma huliwa zaidi penye marusho ya mawimbi na chini kidogo ya kupwa. Ongeza unene, funga anodi (vipande vya metali vinavyoliwa badala ya chuma). Rangi peke yake haitoshi.

6. Bei. Linganisha kwa mita moja ya gati, pamoja na vifaa. Kitalu cha tani 60 kinataka kreni inayobeba tani 60 mkono ukiwa umenyooshwa hadi pa kukiweka. Kasoni inataka yadi ya kuijengea na njia yenye kina cha kuielesha.